Dawa ya pancha haifufui tairi kipara

Dawa ya kuziba pancha, ule ujiuji unaomiminwa ndani ya tyubu au tairi la baiskeli, haizuii mwiba kuingia. Mwiba utaingia kama kawaida. Tofauti ni kwamba upepo unapoanza kutoroka, huikokota dawa hadi kwenye tundu, nyuzi na chembe zilizomo ndani yake zikajazana hapo, na tundu likaziba. Kwa hiyo anayeimimina kwenye tyubu yenye viraka sita, ndani ya tairi kipara, anapoteza dawa na pesa. Tairi kwanza, dawa baadaye.

Inachokiweza, inakiweza vizuri: mbigili, miiba ya migunga, vijiwaya, vichembe vya chupa. Matundu yenye upana wa milimita 1 hadi 3, tena yaliyo upande unaokanyaga barabara. Nje ya hapo usiidai miujiza. Tairi lenye upepo kidogo likigonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya tairi na rimu, ikapasuka sehemu mbili sambamba. Dawa haizibi mipasuko hiyo, kwa sababu mara nyingi iko ubavuni au upande wa ndani, na gurudumu linapozunguka dawa yote hurushwa nje, kuelekea barabarani. Ni vivyo hivyo kwa tundu lililochomwa na ncha ya spoki, na kwa tyubu iliyochanika kwenye shina la valvu. Hiyo ya valvu hata kiraka hakiifai, nunua tyubu.

Halafu kuna suala la upepo wenyewe. Tairi pana la psi 30 hadi 50 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) linaipa dawa nafasi ya kushika. Tairi jembamba la mbio, la psi 90 au 100, huitema nje kabla haijashikana. Mara nyingi tundu litaziba upepo ukishashuka sana, na ukijaza tena hadi psi 100 kizibo kinaruka. Kwa maoni yangu, mwenye tairi jembamba la tyubu aachane na dawa, abebe tyubu ya akiba.

Soma chupa kabla ya kununua. Ya glaikoli yenye nyuzi ndiyo ya tyubu, na hukaa muda mrefu bila kukauka. Ya mpira wa maji, ile nyeupe kama maziwa, imekusudiwa hasa matairi ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu ndani. Huganda haraka ikikutana na hewa, lakini hukauka ndani ya miezi miwili hadi sita, na kwenye joto kali mapema zaidi. Usizichanganye.

Kipimo: tyubu ya baiskeli ya mlimani, mililita 120 hivi, tairi la upana wa milimita 28 hadi 35, kati ya 60 na 90. Tyubulesi ya mlimani, 90 hadi 120. Ya barabarani, 30 hadi 45. Ukizidisha unaongeza uzito tu, na gurudumu linayumba likienda kasi.

Kabla ya kumimina, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utoe kila mwiba uliobaki. Toa upepo wote, zungusha gurudumu valvu iwe juu, kisha fungua kiini cha valvu. Kwa valvu nene kama ya gari utahitaji kifunguo chake kidogo. Kwa ile nyembamba, tazama shingoni: ukiona sehemu mbili bapa za kushikia koleo, kiini kinatoka, usipoziona, tyubu hiyo haiingizi dawa yenye nyuzi. Tikisa chupa kwa nguvu, maana nyuzi hutuama chini, mimina, na uache dawa ishuke. Futa nyuzi za skrubu za valvu kabla ya kurudisha kiini. Wengi huruka hapo, kisha wanashangaa valvu ikivuja. Jaza upepo, uendeshe kilomita kadhaa ili dawa isambae.

Kuanzia siku hiyo, kila unapojaza au kupima upepo, valvu iwe juu na gurudumu limetulia dakika moja. Vinginevyo dawa itapanda kwenye kiini na kukiziba, au itaingia kwenye pampu.

Gharama nyingine huonekana siku ya kubandika kiraka. Solusheni haishiki kwenye mpira wenye utelezi wa dawa. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo ukwangue kwa msasa. Na kama dawa bado inachuruzika tunduni, hakuna kiraka kitakachokaa.

Ukichomwa njiani, chomoa mwiba, geuza gurudumu tundu liwe chini, subiri mchuruziko ukome, kisha endesha polepole kidogo kabla ya kuongeza upepo. Ongeza kwa pampu ya mkono. Katriji ya kaboni dayoksaidi inaweza kugandisha dawa ya mpira wa maji ikawa mabonge, na mabonge hayazibi kitu.