Watafiti Wakija Malindi, Wapite na Skuli

Kuna kitu kinaniuma sana kuhusu huu mji wetu, nacho ni kwamba sayansi kubwa kubwa inafanyika hapa hapa mlangoni na watoto wetu bado wanakariri noti za ubaoni wakasahau wiki inayofuata.

Chukua Ngomeni. Lile jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, San Marco, mnaloliona baharini, tarehe 12 Disemba 1970 lilirusha setilaiti ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku yetu ya kusherehekea uhuru, na hiyo ndo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kupima eksirei zinazotoka huko kwenye nyota. Data yake ilisaidia wanasayansi kuanza kuamini kuna mashimo meusi kweli, yaani yale ya angani yenye mvutano mkali hadi hata mwanga hautoki, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Nobel mwaka 2002. Ukiwauliza vijana hapa mjini wengi watakwambia pale ni kwa Waitaliano, basi, hakuna aliyewahi kuwafunza zaidi ya hapo.

Sasa mimi naona dawa ni watafiti na skuli kufanya kazi pamoja, na sisemi ile ya mtafiti kuja siku moja, kugawa tishati, kupiga picha na kuondoka. Nasema mtoto apime mwenyewe. Tuseme kasa. Akishataga anafukia mayai mchangani yanakaa kama miezi miwili hivi, na joto la ule mchanga ndilo linaloamua kama atatoka dume ama jike: kwenye nyuzi 29 hivi wanakaribia nusu kwa nusu, joto likizidi wanatoka majike wengi. Watamu kuna watu wa Local Ocean Conservation wanaolinda viota hivyo miaka yote hii. Hebu fikiria darasa moja la Grade 8 limepewa themometa, wakae mbali na viota lakini ufuo ule ule, wapime mchanga wa juani na wa kivulini, kina kile kile, kila wiki, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, waandike kwa daftari wachore grafu. Hapo wamejifunza wastani, wamejifunza mabadiliko ya tabianchi, na wamejifunza kwamba kipimo kimoja hakitoshi kusema lolote, na hili la mwisho ndilo ambalo hata sisi watu wazima tunalikosa kila tukiletewa dawa ya ajabu kwa WhatsApp.

Na wazee wavuvi waitwe pia, manake mzee anayejua kujaa na kupwa kwa bahari, bamvua na maji mafu, toka utotoni ana data kichwani, na wengine waliyaona matumbawe yakigeuka meupe mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Mtafiti aje na vipimo, mzee aje na alichoshuhudia, watoto walinganishe.

Mfano tunao hapo Kilifi. KEMRI-Wellcome, wale watafiti wa afya, wako pale toka 1989 na wamekuwa wakifanya kazi na skuli, wanafunzi wanaingia maabara wanaongea na wanasayansi. Hilo ni kubwa, kwa sababu ule uvumi kwamba watafiti wanachukua damu za watu, eti zinapelekwa wapi sijui, hauishi kwa tangazo la redio, unapungua pale mtoto aliyeona kimelea cha malaria kwa macho yake kwenye hadubini anapomweleza bibi yake nyumbani kwa nini tone la damu linachukuliwa.

Watafiti huwa wanachukua leseni NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, kabla ya kuanza kazi. Mimi ningetaka kuwe na sharti moja zaidi hapo: ukimaliza utafiti wako huku pwani, matokeo uyaandike kwa Kiswahili kurasa mbili tatu, uyapeleke skuli iliyo karibu na ulipofanyia kazi, ukae na mwalimu wa sayansi mpange pamoja vile atayafundisha, na mwalimu naye apunguziwe vipindi apate huo muda. Na themometa zibaki skulini.