Dobi Alipoitia Wanga Judogi Yangu

Mtu anayefanya mtihani wa mkanda mweusi wa judo huhitaji mwenzake wa kutupwa, na mwenzake huyo kwa Kijapani huitwa uke. Kazi ya uke haina sifa wala cheti: anashambulia kama inavyotakiwa, anatupwa, anainuka, anashambulia tena kwa upande wa pili, na akiifanya vizuri hakuna anayemkumbuka. Akiiharibu, ukumbi mzima utamjua kwa jina. Mimi nilikuwa uke wa rafiki yangu seremala, na ukumbi mzima unanijua kwa jina mpaka leo, ingawa aliyeyasababisha yote ni dobi wa mtaani kwetu, akisaidiwa kwa nia njema kabisa na mama yangu mzazi.

Judo hapa Unguja si jambo geni kama wanavyodhani watu wa mbali. Mjapani mmoja aliyehamia visiwani alianza kuifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo wamekuwapo vijana ambao wakijikwaa barazani huanguka kwa utaratibu, mkono ukipiga chini na kidevu kikiwa kimebanwa kifuani. Kilicho adimu ni vifaa. Judogi, yaani nguo za judo, nyingi tunazovaa zimekwishavaliwa Japani kabla ya kutufikia sisi, na yangu ina jina la mtu nisiyemfahamu lililotariziwa kifuani kwa maandishi ya Kijapani. Ni nguo nzito, nyeupe, iliyofumwa vinundu vinundu, na baada ya miaka mingi ya kuvutwa na kufuliwa ilikuwa imelainika vizuri sana. Naisikitikia hata sasa.

Mwaka huo alikuja mwalimu mgeni kutoka Japani kutupa mafunzo ya siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, kisha Jumapili baada ya Alasiri akae mezani pamoja na mwalimu wetu kusimamia mitihani ya mikanda. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo, lakini katika mambo ya kata, yaani mfululizo wa mbinu unaofanywa kwa mpango maalumu, hakuwa na masihara. Tulikuwa tumejiandaa kwa nage-no-kata, ile ya kutupa, ambayo ina mbinu 15 katika makundi 5, na kila mbinu hufanywa kulia na kushoto. Kwa dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, tulitakiwa kuonyesha makundi matatu ya mwanzo tu, yaani ya mikono, ya kiuno na ya miguu, ambayo kwa seremala ni mbinu 9 na kwa mgongo wangu ni maanguko 18. Mwalimu mgeni alitufundisha kuteleza kwa nyayo juu ya tatami, yale magodoro ya kuangukia, badala ya kunyanyua miguu, kupumua bila kusikika, na kutosema neno lolote tangu salamu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa uzuri wa kata umo katika utulivu wake. Mwishoni alikumbusha sharti linalofahamika duniani kote, kwamba judogi ya mchezaji lazima iwe safi, kavu na isiyonuka.

Kosa langu, kama mtu ataling'ang'ania, ni kulirudia sharti hilo nyumbani wakati wa chakula cha usiku. Mama alilipokea kwa uzito mkubwa kuliko nilivyokusudia. Kwa maoni yake, mtihani mbele ya mgeni kutoka ng'ambo ni jambo la heshima ya nyumba, na nguo ya heshima haifuliwi uani kwa sabuni ya mche na mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Jumapili asubuhi, nilipokuwa ukumbini nikisaidia kupanga tatami, aliichukua judogi pamoja na mkanda wake, akaviweka juu ya kanzu zangu mbili za Ijumaa, akavipeleka kwa dobi.

Dobi wetu ni fundi wa kanzu. Ana pasi ya mkaa ambayo hakubali kuibadilisha kwa ya umeme, na wanga anaupika mwenyewe, wa muhogo, katika sufuria ambayo haipikiwi kitu kingine. Kanzu ikitoka mikononi mwake, mtu anaweza kukaa nayo tangu hotuba ya Ijumaa mpaka magharibi bila kuonekana mkunjo. Baadaye alinieleza, bila majuto yoyote, kwamba alipoiona ile nguo nyeupe, nene, yenye kutariziwa kifuani, alijua mara moja kuwa ni vazi la hafla, na mama alipomwambia kwamba ni ya mtihani, aliitia wanga mara mbili. Jua la Januari lilimalizia kazi.

Ilinifikia ukumbini baada ya Alasiri, zikiwa zimebaki dakika chache tuitwe. Aliyeileta alikuwa mpwa wangu wa miaka kumi hivi, ambaye aliingia mlangoni ameibeba kichwani ikiwa imefungwa kwa gazeti, mikono yake yote miwili ikiwa na shughuli nyingine ya kumenya chungwa, na kifurushi kile hakikuinama mbele wala nyuma. Kilikaa kama sinia.

"Bibi amesema uangalie usiikunje," alisema.

Sikuweza kuikunja hata kama ningetaka. Koti lilifunguka kwa sauti ya mbao zinazotenganishwa. Miguu ya suruali ilikuwa imegandamana ndani kwa ndani, ikabidi niibandue kwa mkono mpaka kwenye goti, kisha nisukume mguu wangu uendelee na kazi iliyobaki, huku kila inchi moja ikipasuka kwa mlio wake. Mkanda wangu wa kahawia, ambao kwa desturi za watu wa judo hata haufuliwi, ulikuwa umekaushwa ukiwa umekunjwa mara nne na ulibaki na pembe zake. Niliufunga. Fundo likajifungua lenyewe, polepole, mbele ya macho yangu.

Seremala alikuja kuniita akasimama.

"Sheikh, hii nini?"

"Wanga."

"Wanga wa nini?"

"Wa mtihani."

Alizunguka nyuma yangu, akagonga mgongo wa koti kwa vifundo vya vidole, kwa namna ile anayogonga ubao kabla ya kuununua, akatikisa kichwa. Kuilowesha haikuwezekana kwa sababu ya lile sharti la ukavu. Kuazima haikuwezekana kwa sababu judogi zote za wakubwa zilikuwa miilini mwa wenyewe, na ya ziada iliyokuwapo ilikuwa ya mtoto. Tulijaribu kuilainisha kwa kuipiga ukutani nyuma ya ukumbi, na nadhani kosa letu la pamoja lilikuwa hapo, kwa maana vipigo vile havikuulainisha wanga bali viliusaga ukawa unga.

Tukaitwa. Ukumbi ulikuwa umejaa: watoto wa mikanda myeupe na ya njano mbele, wazazi wamekaa nyuma, na kwenye viti vya ukutani safu ya wazee wa mtaa waliokuja kwa sababu Jumapili jioni hapakuwa na kitu kingine. Kukawa kimya. Katika kimya hicho nilipiga hatua ya kwanza, na suruali yangu ikasema *kwaru*. Hatua ya pili ikasema *kwaru* tena. Nilipopiga magoti kwa ajili ya salamu, nguo nzima ilitoa mlolongo wa sauti uliowafanya wazee wageuke kutazama kama dari iko salama. Mimi nikiwa nimeinama, ukosi wa koti ulibaki umesimama wima, nikawa namtazama seremala kupitia upenyo kati ya ukosi na shavu langu.

Mbinu ya kwanza ni uki-otoshi. Nilimshika, akanivuta hatua tatu, akashuka kwa goti moja, nami nikaruka na kuanguka inavyotakiwa, mkono ukapiga tatami, *pa!* Wingu jeupe likainuka. Halikuwa kubwa, lakini dirisha lilikuwa upande wa magharibi na jua la jioni lililionyesha vizuri. Nilipoinuka, kwenye tatami ya kijani palibaki alama kamili ya mgongo wangu, pamoja na mkono. Watoto walianza kuzihesabu alama kwa kunong'ona, na mwalimu wetu aliwakazia macho mpaka wakanyamaza, ila vidole vyao viliendelea kuhesabu.

Balaa lenyewe lilikuja katika mbinu ya tatu. Kata-guruma humtaka mtupaji ajishushe, aingize bega chini ya kiuno cha mwenzake, amkumbatie paja kwa mkono wa kulia, kisha asimame naye akiwa amelala mabegani kote kabla ya kumtupa mbele. Seremala ana nguvu za kazi yake na jambo hilo halimsumbui. Kilichomsumbua ni kwamba kwa kunibeba hivyo uso wake ulikuwa umezama ubavuni mwa koti langu, mahali ambapo dobi alikuwa mkarimu kuliko pote. Nilimsikia anavuta pumzi. Akaivuta tena. Kisha akapiga chafya ambayo niliihisi kupitia mbavu, akayumba hatua moja kushoto na moja kulia mimi nikiwa juu, na kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri akasema, "Alhamdulillahi."

Nami nililelewa vizuri. Nikiwa nimelala mabegani mwa mtu, kichwa kikining'inia upande mmoja na miguu upande wa pili, nilijibu, "Yarhamukallah." Safu yote ya wazee ikajibu pamoja nami.

Seremala akamalizia, "Yahdikumullah," akanitupa.

Niseme kwa haki kwamba alinitupa vizuri. Mezani mwalimu mgeni aliinamia upande wa mwalimu wetu na kuuliza kitu kwa sauti ya chini. Baadaye tuliambiwa kwamba alitaka kujua, kwa adabu zote, kama mazungumzo yale ni sehemu ya kata kama inavyofanywa huku.

Kati ya kundi moja na lingine wachezaji hurudi mahali pao na kutengeneza mavazi. Mimi nilifunga mkanda, ukafunguka, nikafunga, ukafunguka, mwishowe niliukalia kwa goti ili uvunjike pembe, jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote. Kufikia hapo jasho lilikuwa limeanza kunitiririka, kwa kuwa Januari ni kaskazi na ukumbi una feni moja, na kwa muda mfupi nilifurahi nikidhani nguo itarudi kuwa nguo. Nilikuwa nimesahau kwamba wanga uliopikwa ukipata majimaji huwa gundi. Watoto wa mitaani kwetu hubandikia tiara zao kwa kitu hicho hicho.

Katika kundi la kiuno, basi, mambo yalibadilika kabisa. Kelele zilipungua na kunata kukaanza. Mbinu ya tsurikomi-goshi inataka mtupaji ashike ukosi juu, nyuma ya shingo ya mwenzake, na seremala aliushika barabara. Ila ulipofika wakati wa kuachia, yeye aliachia na ukosi haukuachia. Nilianguka naye akafuata nusu njia, ameinama juu yangu, vidole vyake vikitoka kimoja kimoja. Tulipohamia upande wa kushoto, alama ya vidole vyake vitano ilikuwa imekwisha hamia kwenye koti lake mwenyewe, na kope zake zilikuwa nyeupe.

Lakini riziki haina mwenyewe. Mbinu ya kwanza katika kundi la miguu ni okuri-ashi-harai: wawili husogea kwa ubavu hatua tatu, na mtupaji hufagia miguu ya mwenzake wakati ambapo mguu mmoja unaufuata mwingine, ili miguu yote miwili iondoke pamoja. Ugumu wake ni kuupata wakati huo. Seremala aliuhangaikia miezi, na katika mafunzo ya siku tatu hakuupata hata mara moja kwa mwalimu mgeni kuridhika. Jumapili ile suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka magotini, mguu huu umeshikana na ule, na nilipousogeza mmoja mwingine ulikuja wenyewe bila kuulizwa. Alifagia. Miguu yangu iliondoka kama kitu kimoja, nikalala hewani sambamba na sakafu, nikaanguka. Mwalimu mgeni aliinua kalamu, akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Salamu ya mwisho ilipokwisha, mwalimu mgeni alitoka mezani, akanijia, akashika ukosi wangu kati ya kidole gumba na cha shahada, akausugua, akanusa. Akaeleza, na mwalimu wetu akatufasiria, kwamba wako washindani wanaopenda ukosi mgumu ili mpinzani asipate pa kushika, na kwamba katika mashindano makubwa kuna kipimo maalumu, sokuteiki, cha kukagua unene wa ukosi na upana wa mikono ya koti. Akauliza kama mimi nimekusudia hivyo. Kabla sijajibu, mpwa wangu, ambaye chungwa lilikuwa limekwisha na hakuwa na la kufanya, alisema kwa sauti kwamba ni Bibi. Mwalimu mgeni alifasiriwa, akafikiri kidogo, kisha akainama kwa heshima kuelekea upande wa wazazi, ambako mama hakuwapo.

Seremala alifaulu. Mimi nilibaki nyuma na ndoo na tambara nikifuta migongo yangu kwenye tatami, kazi iliyonichukua mpaka karibu na Magharibi, na watoto wakanisaidia kwa kunionyesha ile niliyoiruka.

Habari zilienea haraka kuliko nilivyotaka. Juma lililofuata vijana watatu wanaojiandaa kwa mashindano walionekana kwa dobi wakiulizia bei ya wanga wa kwenye ukosi peke yake, na dobi, aliyekwisha kusikia kuwa nguo yake imekaguliwa na Mjapani, aliwatajia bei ya juu. Mwalimu wetu alibandika karatasi mlangoni ya kukataza, bila kumtaja mtu. Ama mkanda mweusi wa seremala, ulipofika kutoka ulikoagizwa, mama yangu alijitolea kuupeleka kwa dobi kwa gharama yake. Seremala alimshukuru kwa adabu zote na kumwambia kwamba umekwishafuliwa, kisha akauingiza ndani ya shati.