Leseni mfukoni, mlezi hakuna

Kila ajira za walimu zinapotangazwa, magrupu yetu ya WhatsApp yanawaka kwa hoja ile ile: wenye leseni za kufundishia, yaani wasiosomea ualimu, waondolewe, mtaani kumejaa wenye vyeti vya ualimu wasio na ajira. Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika kwamba kumwingiza darasani mtu asiyesomea ualimu ni sawa na kumpa konda usukani kwa sababu dereva kachelewa kuamka. Nilicheka. Nikaanza kumjibu, nikafuta. Jibu lingenilazimu nikiri jambo ambalo wengi humo kundini hawalijui: yule konda ni mimi.

Ilikuwa 2007. Nimemaliza Kidato cha Sita Februari, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nipo nyumbani nasubiri chuo na kuchoka kutumwa dukani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulikuwa umeanza 2004, na kila kata ilikuwa inachangishana mawe, mchanga na saruji ili nayo iwe na sekondari yake. Majengo yalipanda haraka kuliko vyuo vilivyoweza kuzalisha walimu. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya DUCE na Mkwawa vilianzishwa 2005 mahsusi kwa ajili hiyo, lakini wanafunzi wao wa kwanza walikuwa bado wanasoma. Watoto wakawa wanasubiri ndani ya madarasa yanayonuka rangi mpya, mbele hakuna mtu. Ndipo serikali ikatugeukia sisi wa Kidato cha Sita. Mafunzo ya kama mwezi mmoja, leseni ya kufundishia, barua ya kituo cha kazi, safari njema.

Mtaa haukuchelewa kutupa jina. Tuliitwa Vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio kwenye simu iliyokuwa inatamba siku zile: unalipa, sekunde chache, vocha imeingia. Mwalimu naye hivyo hivyo. Ukipita sokoni unasikia kwa nyuma, "Vodafasta huyo," na ukigeuka kila mtu anapanga nyanya zake.

Kabla sijaendelea, niweke sawa jambo moja, maana wengi wanaoishambulia leseni wanaiona kama njia ya panya. Sheria ya Elimu ya 1978, Sura ya 353, hairuhusu mtu kufundisha shuleni isipokuwa amesajiliwa kuwa mwalimu au amepewa leseni ya kufundishia. Usajili ni wa aliyesomea kazi. Leseni ni ya yule anayehitajika darasani kabla hajafika huko: mhitimu wa kemia ambaye hakusoma ualimu, mgeni kutoka nje, kijana wa Kidato cha Sita kama nilivyokuwa mimi. Ni mlango wa mbele, una bawaba zake na ufunguo wake. Kinachonisumbua ni kinachotokea ukishaingia ndani.

Mimi kituo changu kilikuwa shule ya kata mkoani Singida. Walimu sita, madarasa manne, nyumba ya mwalimu moja, na mkuu wa shule ameshaishika yeye. Nilifika Jumatano jioni na begi na godoro. Alhamisi asubuhi mwalimu wa taaluma akanikabidhi karatasi ya ratiba: fizikia na hisabati, vidato vyote vilivyokuwepo, vipindi thelathini na viwili kwa wiki. Nikamwuliza nani alikuwa anafundisha kabla yangu. Akasema, "Hakuna." Akanipa boksi la chaki. Huko ndiko kupokelewa kazini kulianza na kukaishia.

Nakikumbuka kipindi changu cha kwanza cha Kidato cha Pili kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu (mama watoto akisoma hapa atanisamehe). Mada ilikuwa nguvu za kuzungusha, momenti. Wanafunzi walikuwa karibu tisini, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Nyuma walikaa vijana wawili ambao nina hakika walinizidi umri. Nilikuwa nimekesha na daftari langu la Kidato cha Sita, kwa hiyo nilichokuwa nacho ni kile nilichofundishwa mimi mwaka uliotangulia: vekta, pembe, nguvu zidisha umbali zidisha sine ya pembe. Nikaugeukia ubao nikaandika. Nikaandika tena. Kwa Kiingereza cha kukariri, mgongo kwa darasa, dakika themanini. Nilipogeuka, tisini wote walikuwa wananakili kimya. Nikaona mambo yamekwenda vizuri sana. Hakuna aliyeuliza swali!

Nyuma kabisa, mlangoni, alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa amekuja na kiti chake cha plastiki kutoka ofisini, kwa sababu darasani hakikuwepo cha ziada. Sikumwalika. Nilidhani mkuu wa shule kamtuma kunichunguza, na nilikuwa nimenuna tayari. Tulipotoka nje, akiwa bado kakishika kiti chake, akaniuliza, "Mwanangu, leo umemfundisha nani?"

Nikamwambia, "Kidato cha Pili, mama."

"Hapana. Leo umeufundisha ubao."

Kisha akaniuliza hiyo momenti ni kitu gani, yeye hajui fizikia, nimweleze kama jirani. Nikababaika kidogo, nikasema, mama, ni kama kufungua mlango, ukisukuma karibu na bawaba unakuwa mzito, ukisukuma huku kwenye komeo unakuwa mwepesi. Akautazama mlango wa darasa, akanitazama mimi. "Sasa mbona mlango upo na hukuugusa?"

Wiki iliyofuata nilianza upya. Nikamwita binti mdogo kuliko wote asukume mlango kwenye komeo, na mmoja wa wale majitu wa nyuma ausukume kwenye bawaba kutoka upande wa pili. Binti alimshinda. Kelele zilizopigwa zilimtoa mkuu wa shule ofisini.

Mama yule aliendelea kuja na kiti chake, si kila siku, mara moja kwa wiki au mbili. Alinifundisha kugawa ubao. Alinifundisha kuandika andalio la somo ambalo mtu anaweza kulitumia kweli, siyo lile la kumfurahisha mkaguzi. Alinionyesha kwamba ukiuliza "mmeelewa?" utajibiwa "ndiyo" hata na aliyelala. Hakuna aliyempangia kazi hiyo, na hakulipwa hata shilingi. Angekuwa na hulka nyingine, angekaa ofisini anywe chai yake, nami ningeendelea kuufundisha ubao hadi leseni iishe.

Siku moja nikamwuliza kwa nini anajisumbua. Akacheka. Kumbe naye alianzia huku huku. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua waliomaliza darasa la saba. Yeye alikuwa mmoja wao, msichana wa kijijini, anafundisha wadogo zake huku mwenyewe anasomea ualimu. Waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, na watani wakazigeuza herufi hizo kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". "Nyinyi mna bahati," akaniambia, "mmepewa jina la simu."

Ila alichonieleza baadaye ndicho kilichonikaa kichwani miaka yote hii. Walimu wa UPE tunaowacheka hadi leo walikuwa na kitu ambacho sisi hatukupewa. Walifundisha huku wanafundishwa, pale pale kijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na mratibu elimu kata akiwasimamia. Wa kwake alikuwa anakuja na baiskeli, anakaa nyuma ya darasa, akitoka anamweka chini ya mwembe na kumwambia palipoharibika. Elimu yao ilikuwa ndogo, hilo halina ubishi, na nchi ililipa gharama yake. Lakini kulikuwa na mtu. Miaka thelathini baadaye, mimi mwenye Kidato cha Sita nikapewa mwezi mmoja na boksi la chaki. Tulirudi nyuma huku tukidhani tunakwenda mbele.

Na haraka hii haikuishia kwetu. Mwaka 2014 ulianzishwa mpango wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwa vijana waliomaliza Kidato cha Nne, na Mei 2016 zaidi ya 7,000 wakarudishwa nyumbani ndani ya saa chache, mabegi kichwani. Kila tukibanwa tunabuni mlango mpya wa kuingilia darasani, na kila mara tunasahau kumweka mtu wa kumpokea anayeingia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kundini, hoja yako ya konda naielewa. Walimu wenye vyeti wako mtaani, wengi, na kuna waliohitimu miaka mingi nyuma ambao bado wanajitolea kwa nauli. Uchungu huo ni halali. Lakini fungua hesabu yenyewe uone: waliojaa mtaani wengi ni wa masomo ya sanaa, na shule zinazolia zinalilia fizikia na hisabati. Ukifuta leseni leo, Kidato cha Pili cha shule fulani huko porini hakitapata mwalimu bora zaidi wa fizikia. Kitapata kipindi kitupu, na kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele.

Wala siwaungi mkono wanaotuambia tuache kulalamika, mradi mtoto ana mwalimu. Mwaka wangu wa kwanza kuna mada niliziua. Kuna watoto waliochukia hisabati kwa sababu yangu, na hakuna leseni inayoweza kuwarudishia mwaka huo. Hasara ya mwalimu anayejifunzia darasani hulipwa na mtoto, tena mtoto wa shule ya kata, siyo wa mwenye kusaini.

Ningekuwa na kauli, leseni ya kufundishia ingekuwa na majina mawili. La mwombaji, na la mwalimu aliyesajiliwa wa shule ile ile anayekubali kumlea, naye asaini. Bila jina la pili, haitoki. Mlezi huyo apunguziwe vipindi viwili vitatu, na mwenye leseni asipewe mzigo wa vipindi thelathini wala darasa la mtihani kwa mwaka wa kwanza. Na ruhusa iwe na mwisho unaouma: anayetaka kuendelea aonyeshe kwamba ameanza kusoma. Njia ipo. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya elimu Chuo Kikuu Huria huku anafanya kazi. Kinachotokea sasa kwenye baadhi ya shule binafsi ni kwamba mwenye shule anapenda sana abaki hivyo hivyo, maana mwalimu asiyesajiliwa hana ubavu wa kudai mshahara wa aliyesajiliwa. Wa muda anakaa miaka sita, bado ni wa muda.

Najua nitaambiwa: shule yenye mwalimu mmoja wa sayansi, mlezi atatoka wapi? Swali zuri, lakini turudi kwenye kile kiti cha plastiki. Mama yule alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Fizikia niliijua mimi. Watoto aliwajua yeye.

Kuna sheria ya 2018 iliyoanzisha Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, na kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo yakifanywa kweli siku ya kukutana na siyo kusainiwa tu kwenye daftari, yanasaidia. Sisemi hakuna kinachofanyika. Ila mipango hiyo mikubwa huwa inaanza na mwalimu ambaye tayari ni mwalimu. Yule wa wiki ya kwanza, mwenye begi na godoro, anaangukia katikati.

Mimi nilienda chuo, nikasoma ualimu, nikasajiliwa. Barua yangu ya leseni bado ninayo, imefubaa, iko kwenye faili moja na cheti cha ubatizo. Leo nashika taaluma kwenye shule nyingine, na mwaka huu tumepata binti mwenye shahada ya kemia, na leseni mpya kabisa. Ratiba ya kwanza aliyopangiwa ilikuwa na vipindi ishirini na nane, Kidato cha Nne kikiwemo. Nimebishana na mkuu wangu siku mbili mpaka vikafika kumi na nane, na Kidato cha Nne nimekibeba mwenyewe. Kanuna kidogo, huyo binti. Anadhani sijamwamini.

Kesho ana kipindi cha tatu, Kidato cha Pili B, asidi na besi. Nimemwambia aje na ndimu na majivu kutoka nyumbani. Kiti nitabeba mwenyewe.