CD4 yako ni ngapi? Inategemea umeuliza na antibodi gani

Kaa kwa benchi ya kliniki yoyote ya ARV hapa Nairobi na hautakosa kusikia mtu akimwambia mwenzake CD4 yake imepanda ama imeshuka. Ni neno limezoeleka kama bei ya unga. Ukiuliza hio CD4 ni kitu gani wengi watakwambia ni askari wa mwili, na si uongo, ndivyo tulifunzwa. Kitu haisemwi ni kwamba hio namba 4 haikutoka kwa seli, ilitoka kwa antibodi, zile proteini ambazo kila aina hushika alama moja tu. Mwaka wa 1982 watafiti walikutana Paris na rundo la antibodi kutoka maabara tofauti tofauti, kila mtu ameziita majina yake mwenyewe, ikabidi zipangwe kwa mafungu, zile zinashika kitu kimoja ziwekwe pamoja, halafu kila fungu likapewa namba. Kwa hivyo seli ya CD4 ni seli ambayo antibodi za fungu la nne zimeikamata. Mafungu yenyewe saa hii yamepita 300.

Naanza hapo kwa sababu kuna ubishi umekuwa ukiendelea kazini kwetu wakati wa chai na nimechoka kuumeza. Kuna dada mmoja amerudi majuzi kutoka masomo, kichwa moto kweli, anasema antibodi ni mambo ya zamani, zinakula pesa, matokeo hayaaminiki, tuhamie kusoma RNA, ule ujumbe jeni hutuma, ya seli moja moja. Mzee wetu wa maabara naye anamwangalia tu juu ya miwani anasema, "Sasa wewe msichana, bila antibodi hata hio seli ungejuaje iko?"

Mzee ana pointi. Watafiti Köhler na Milstein pale Cambridge mwaka wa 1975 walichukua seli B ya panya, ile hutengeneza antibodi, wakaiunganisha na seli ya saratani, ikatoka seli haifi na inatoa antibodi ya aina moja tu milele na milele. Hawakuiwekea hataza, Nobel wakapata 1984 pamoja na Jerne. Kabla ya hapo ukichungulia chembe nyeupe za damu kwa hadubini hizi limfosaiti zote ni mviringo, zote zinafanana, huwezi jua nani anaua virusi na nani anatoa amri.

Kwa wale hawajawahi ona hii kazi: unatoa mikrolita 100 za damu kwa chupa ya kifuniko cha zambarau, unaweka antibodi ya CD3, alama ya limfosaiti zinaitwa seli T, imebeba rangi moja, ya CD4, wale wa kutoa amri, rangi ingine, ya CD8, wale wa kuua, ingine, unafunika na foili manake rangi zinaogopa mwanga, unangoja kama dakika 20, unayeyusha chembe nyekundu, unaosha, unapeleka kwa mashini. Ndani seli zinapita mbele ya leza moja moja, maelfu kwa sekunde, kama abiria wanasukumwa kwa geti ya stesheni, na kwa skrini nukta zinaanza kujipanga, wingu moja huku, lingine kule. Nimefanya hii kazi miaka na bado lile wingu la pili likitokea nasogeza kiti.

Na hizo nukta zimeamua maisha ya watu hapa. WHO ilikuwa inasema subiri CD4 ifike 200 ndio mtu aanze dawa, 2010 ikasogeza hadi 350, 2013 ikawa 500, 2015 ikasema kila mwenye virusi aanze bila kungoja namba. Ile utafiti ya akina mama wa biashara ya ngono wa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, iliyoanza miaka ya 80, ambapo wengine walikaa miaka bila kuambukizwa HIV ingawa walikuwa hatarini kila siku, ilielekeza macho kwa seli T, na 2001 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kujaribu chanjo ya HIV iliyotokana na wazo hilo. Chanjo haikufua dafu, lakini hata kujua haikufua dafu ilibidi uhesabu seli T ngapi zinatoa interferoni gama, kemikali ya kupigana na virusi, na hio interferoni unainasa na antibodi pia.

Sasa upande wa yule dada, na hapa ndio nilianza kukaa vibaya kwa kiti.

Kuna antibodi inaitwa OKT4, moja ya zile za kwanza kabisa za kushika CD4. Miaka ya 80 watu wakaanza kuona maajabu, unapima mtu mzima hana shida yoyote, OKT4 inakwambia hana seli za CD4, sufuri, halafu unachukua kloni ingine, yaani antibodi kutoka ukoo mwingine wa seli, ya kushika hio hio CD4 kwa damu ile ile na wingu liko palepale limejaa. Ilikuja kujulikana ni herufi moja tu kwa jeni imebadilika, asidi amino ya 240 ambayo kwa wengi ni ajinini kwao ni tiriptofani, na ndio pale pale OKT4 inashika. Proteini iko, seli iko, antibodi ndio haioni. Mtu akirithi kwa mzazi mmoja unaona mwanga nusu, akirithi kwa wote wawili huoni kitu. Na hii tofauti ilionekana kwa Wajapani na kwa watu wenye asili ya Afrika. Yaani sisi. Mwaka wa 2009 ikatoka utafiti ya hawa hawa akina mama wa Nairobi ikionyesha hio tofauti ya jeni inaendana na hatari zaidi ya kuambukizwa HIV, kwa hivyo watu ambao ungetaka kuwaona vizuri ndio hao OKT4 ingekuficha. (Kama unaenda kliniki usianze kuogopa, vipimo vingi vya CD4 vya siku hizi vinatumia kloni zingine ambazo hazina hii shida.)

Hapo ndio namwelewa dada akisema hatuamini matokeo. Antibodi ilipikwa kwa panya, ikajaribiwa kwa damu ya watu wa Boston ama New Jersey, ikafika JKIA na karatasi inasema imethibitishwa. Imethibitishwa kwa damu ya nani? Mwaka wa 2015 watafiti zaidi ya 100 waliweka sahihi kwa barua kwa jarida la Nature wakidai antibodi za utafiti zijulikane kwa mfuatano wa jeni zake zitengenezwe upya kutoka hapo, badala ya kununua chupa ambayo mwaka ujao itakuja tofauti na jina lile lile. Si sisi tu tunalia.

Halafu antibodi haiangalii tu, inagusa. Ukimshika mtu bega si atageuka? Ukishika CD3 vibaya seli T inaamka, na wale waliopewa OKT3, antibodi ya kushika CD3, hospitalini kuzuia mwili kukataa figo, dawa iliyoidhinishwa Marekani 1986, walikuwa wanapata homa na kutetemeka kwa sababu hio hio. Mbaya zaidi ilikuwa Machi 2006 London, vijana sita wazima wakapewa TGN1412, antibodi ya kushika CD28, alama ingine ya kuamsha seli T, na ndani ya masaa machache wote wako mahututi. Nyani walikuwa wamepewa na hawakuonyesha chochote, kumbe zile seli T zao zilizokomaa hazina CD28 venye zetu ziko nayo. Wote sita waliishi lakini hio habari huwa nawasimulia wanafunzi kila mwaka, manake kwa benchi pia ukichagua seli kwa kuzishika unaweza kuwa unapima mshiko wako. Ndio maana wengi tunapendelea kushika zile hatutaki, zile tunataka zibaki hazijaguswa.

Ya pesa sitakaa sana, kila mtu anajua. Chupa moja ya vipimo 100 ni makumi ya maelfu ya shilingi, inangoja oda, inangoja ndege, inangoja forodha, na njia yote inafaa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Wacha tu niseme yetu. Kuna zile rangi za kuunganisha mbili, hazipendi mwanga na hazipendi kuganda. Yetu iliwekwa nyuma ya friji penye barafu hushika. Ikavunjika kimya kimya, rangi ya pili ikakufa, ya kwanza ikabaki inawaka peke yake, kwa skrini tukaona seli zenye alama mbili ambazo hazifai kuwa pamoja. Wiki tatu tukidhani tumegundua aina mpya ya seli. Mtu alikuwa ameanza kuitafutia jina. Kumbe ni friji.

Lakini nimemwambia dada, na nasema tena, kuhamia RNA hakukutoi kwa hii shida. RNA ni ujumbe, proteini ndio kazi, na CD4 yenyewe ni mfano mbaya kwake kwa sababu ujumbe wake ni kidogo sana ndani ya seli T, ukisoma seli moja moja nyingi zitaonekana kama hazina CD4 na ziko nayo. Ni OKT4 ingine hio, imevaa koti mpya. Na kemikali zake za maabara pia zinakuja na ndege ile ile, kwa barafu ile ile, bei usiulize. Ndio maana tangu 2017 watu wanachanganya, wanashikisha antibodi kipande cha DNA badala ya rangi halafu wanasoma vyote pamoja. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa daktari, lakini hio antibodi bado ni ya panya wa watu."

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Mimi naona tubaki na antibodi lakini tuache kuamini kibandiko, kila chupa mpya ijaribiwe kwanza kwa damu ya watu wa hapa, kloni mbili kwa kila kitu cha maana, na mwenye kutoa pesa ya utafiti aelewe hio si hasara. Na zile za mfuatano unaojulikana, mbona tusitengeneze wenyewe? Ngamia ana antibodi ndogo za ajabu, nusu ya zetu kwa muundo, ziligunduliwa na Wabelgiji wakatangaza 1993, na ngamia wenyewe wamejaa Isiolo wanakula miiba.

Juzi mzee akasema basi tuangalie ile data yetu ya zamani, tuone nani alipimwa na OKT4 na nani na kloni ingine, ubishi uishe. Tukatoa daftari kwa kabati, kubwa, la jalada gumu, limeliwa kona na panya, wa kawaida hao. Penye inafaa kuandikwa kloni, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa mzee mwenyewe: "CD4, ile ya kawaida."