Tumbo la Königsberg

Fundi wa makochi ninayemsumbua Keko kila Jumamosi ameshanizoea. Nikifika tu, ananisogezea kwa mguu vipande vya mninga na mkongo vilivyobaki: "Nahodha, mzigo wako huo."

Mimi hucheza vita vya baharini mezani, kwa dadu, rula na meli ndogo za kuchonga. Najua Ulaya zinauzwa za chuma na plastiki, kila kitu kipo hadi nanga. Sizitaki, na si kwa ubahili peke yake. Ya kununua ameshaifikiria mwenzako. Ya kuchonga lazima ujiulize mwenyewe ni kitu gani hasa kiliamua pigano lile.

Tuchukue Rufiji. Königsberg, manowari ya Wajerumani yenye urefu wa mita 115 na mizinga mikubwa kumi, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta. Manowari kubwa za Waingereza zilibaki nje zikiivizia tu, maana huko ndani zingekwama. Ikabidi zitafutwe manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 lilishindwa. Tarehe 11 zikarudi, ndege ikiwaelekeza wapiga mizinga kutoka juu, na Königsberg ikaishia hapo.

Sasa, wachongaji wengi wa meli za mchezo hukata chombo usawa wa maji ili kikae mezani vizuri. Kwa Atlantiki sina neno. Kwa Rufiji, ukikata tumbo umelitupa pigano lenyewe kwenye vumbi la msumeno. Kwa kipimo cha 1:600, Königsberg inatoka sentimita 19, na tumbo lake linazama milimita 9. La Severn ni milimita 3 tu! Kwa hiyo mimi naacha tumbo, halafu natengeneza delta kwa plaiwudi za kubandikana, mikondo nikiikata kwa vina tofauti. Meli ikigusa chini, imekwama, na hakuna kufungua kanuni kubishana.

Rafiki yangu ninayecheza naye anasema ningeandika tu kina kwenye karatasi. Karatasi haikwami, namjibu.

Mengine ni madogo. Mninga unachongeka, mkongo unakula patasi, nauweka kwa ajili ya nchi kavu. Dohani tatu za Königsberg ni vijiti vya mishikaki, mizinga ni vijiti vya meno. Omo, yaani pua ya meli, imenivunjikia mara mbili.

Ilipokamilika nilimpelekea fundi. Hakutazama mizinga wala dohani. Aliipindua, akapitisha kidole gumba tumboni taratibu, kutoka omo hadi tezi.

"Hapa," akasema, "msasa haujapita."