Nafasi ya 13

Tulishinda, na bado hakuna aliyeondoka uwanjani. Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya kumi, mwishoni mwa Oktoba mwaka jana, baridi ya Ohio imeshaanza kuuma masikio. Vijana wetu wa shule ya upili walikuwa wamesimama pembeni mwa uwanja, kofia ngumu mkononi, mvuke ukiwafuka vichwani kama sufuria za chai. Sisi wazazi tulikuwa tumeinamia simu. Jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu niliyemleta kuona futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza, akanigusa bega. "Ndugu, mbona batu habaendi? Si tulishashinda?"

Nikamweleza kwamba tunangojea matokeo ya mechi nyingine, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka pale. Inacheza timu tuliyoifunga Agosti, na tunaiombea ishinde. Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Nikaona afadhali nimwachie kikombe cha kakao kwanza.

Timu ile ikafungwa. Pointi tatu, teke la dakika ya mwisho. Mwanangu, ambaye hucheza safu ya mbele, wale wanene wasiogusa mpira, hakusema neno. Alianza kubandua plasta vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, akizikunja na kuzitia mfukoni. Usiku ule hesabu ikatuweka nafasi ya 13 katika kanda yetu. Wanaoingia mtoano ni 12.

Sasa hesabu yenyewe. Ohio hutumia mfumo wa Harbin, kwa jina la Jack Harbin aliyeubuni. Ukishinda mechi unapata pointi kulingana na ukubwa wa shule uliyoifunga: shule ya daraja la kwanza, yenye wanafunzi wengi, ina pointi nyingi kuliko ya daraja la saba. Halafu kila timu uliyoifunga ikishinda mechi zake nyingine, nawe unavuna. Ndiyo maana mtu anamfunga mwenzake Agosti, kisha anamwombea dua hadi Oktoba. Idadi ya pointi ulizomzidi mwenzako uwanjani haihesabiwi kabisa. Kushinda kwa moja na kushinda kwa hamsini ni sawa, na hilo nalipenda, kwa sababu nimeona makocha ambao wangeendelea kukanyaga watoto wa watu hadi usiku wa manane kama kungekuwa na faida.

Kuna upande mmoja wa mfumo huu ambao haunikai rohoni. Ukifungwa, hupati kitu. Uwe umefungwa na timu dhaifu kuliko zote jimboni, uwe umefungwa kwa pointi moja na timu ya kwanza jimboni, yote ni sifuri.

Hapo ndipo tulipoangukia. Timu yetu ilishinda mechi 5 na kupoteza 5. Mechi nyingi ni za ligi, hizo hazina mjadala, lakini kila shule hubakiwa na chache za kujitafutia. Mkurugenzi wa michezo wa shule yetu alizitia saini zile zetu zamani, baadhi ya hawa vijana wakiwa bado hawajaota ndevu. Mbili alizitoa kwa shule kubwa, ngumu, zenye jina. Moja tulipoteza vibaya. Nyingine tulipoteza 14 kwa 13, wiki ya pili ya msimu, katika joto ambalo lilimfanya kijana mmoja atapike mara mbili na kurudi uwanjani. Ile 14 kwa 13 ndiyo mechi bora waliyocheza mwaka mzima. Katika jedwali ni tundu tupu. Timu iliyochukua nafasi ya 12, ambayo hatukukutana nayo, ilikuwa imejitafutia wapinzani laini na kuwala wote. Siwalaumu. Walisoma sheria vizuri kuliko sisi.

Jumatatu iliyofuata, wazazi wenzangu walikuwa na mchawi wao tayari: kupunguzwa kwa nafasi. Toka 2021 hadi 2024 kila kanda iliingiza timu 16. Mwaka jana, 2025, zikawa 12, na nne za juu zinapumzika raundi ya kwanza. Kwa hiyo mwaka mmoja tu nyuma, sisi wa 13 tungekuwa ndani, tena bila kungojea simu ya mtu. Baba mmoja alitaka tuandike barua. Sikutia saini, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa kidevu.

Niseme kwa nini sikutia. Ohio ina madaraja saba, kila daraja kanda nne, jumla kanda 28. Mara 16, ni timu 448 zilizokuwa zikiingia mtoano. Hiyo ni zaidi ya nusu ya shule zote zinazocheza mchezo huu jimboni. Mtoano ulipoanza 1972 ziliingia timu 12 tu, jimbo zima. Kabla ya hapo bingwa alipatikana kwa kura za wanahabari, na mji wa Massillon, ambao hula na kulala futiboli, ulijaza kabati kwa kura hizo. Lakini kikombe chake cha kwanza cha kushindaniwa uwanjani katika mtoano haukukipata hadi 2023, iliposhinda fainali 7 kwa 2. Sitaki turudi kwenye timu 12, wala kwenye kura. Lakini miaka miwili kabla ya msiba wetu nilikwenda kuona namba 1 ikicheza na namba 16. Kufikia mapumziko mechi ilikuwa imekwisha. Hapa, pengo likifika pointi 30 katika kipindi cha pili, saa haisimamishwi tena, inakimbia tu ili watu waende nyumbani. Nilikaa nikitazama dakika zikichuruzika na watoto wa namba 16 wakitazama saa ileile. Sidhani walihisi wametendewa haki kwa kualikwa.

Mlango mpana ulikuwa unaficha kasoro. Timu 16 zikiingia, aliyepunjwa na ratiba huingia tu hata akiwa wa 14, na hakuna anayeuliza alifikaje huko. Zikiingia 12, kasoro inaonekana. Mimi nashukuru imeonekana, ingawa ingeweza kuonekana kwa mtoto wa mwingine.

Wako watakaosema basi tufanye kama Texas. Kule chama cha michezo hupanga shule katika wilaya kwa idadi ya wanafunzi na jiografia, na hupanga upya kila baada ya miaka miwili. Mechi za wilaya ndizo zinazoamua, na timu nne za juu zinafuzu. Hakuna kujichagulia mpinzani laini. Safi. Ila wilaya hazilingani: katika wilaya dhaifu, timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda yaweza kuwa ya nne na ikaingia, huku ya tano katika wilaya ya moto, ambayo ingeifunga hiyo, inarudisha jezi stoo.

Nyumbani tunalijua hilo. Mimi ni mtu wa Kakamega. Katika michezo ya shule za upili Kenya unapanda ngazi, kaunti, kanda, taifa, na kwa kawaida bingwa wa kanda ndiye anayekwenda. Kanda ya Magharibi ina shule ya Kakamega na ina ya Musingu. Moja ikienda, nyingine inabaki inasikiliza redio, na kule taifa zinafika timu ambazo zisingetoka salama Shinyalu, hukohuko Kakamega. Tulilalamika tangu tuko kidato cha kwanza.

Texas yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1988 shule tatu za magharibi ya jimbo, Permian ya Odessa pamoja na Midland Lee na Midland High, zilimaliza zikiwa sawa kileleni mwa wilaya, kila moja imefunga na kufungwa na mwenzake. Wakati huo zilikuwa zinafuzu mbili. Makocha watatu walikutana usiku kwenye kituo cha malori, televisheni ikirusha moja kwa moja, kila mmoja akarusha sarafu. Ambaye sarafu yake ilitofautiana na za wenzake ndiye aliyekosa, na ikawa Midland High. Permian iliendelea hadi nusu fainali, ikafungwa 14 kwa 9 na Carter ya Dallas. Carter ikatwaa ubingwa, na baadaye ikanyang'anywa kwa mzozo wa alama za darasani za mchezaji mmoja. Nikisoma habari ile huwa nawaza wale vijana wa Midland High. Msimu wao uliamuliwa na kipande cha chuma sakafuni. Mwanangu angalau aliamuliwa na hesabu ambayo naweza kuipiga mwenyewe kwenye meza ya jikoni, na nimeipiga mara tatu.

Kwa hiyo sitaki hesabu ya Ohio itupwe. Nataka mambo mawili. Kwanza, anayefungwa na timu kubwa apate japo chembe, apate kutokana na ushindi wa huyo aliyemfunga, ili shule isiogope kucheza na mkali. Pili, zile mechi chache za kujitafutia, angalau moja au mbili, zipangwe na chama, kwa kukutanisha timu zilizo karibu katika jedwali la kanda. Wiki ya kumi ingefaa. Wa 12 na wa 13 wakutane Ijumaa usiku, mshindi aingie, na sisi wazazi tutie simu mfukoni tutazame mpira. Najua watasema mabasi, mapato ya mlangoni, mahasimu wa jadi ambao lazima wafunge msimu pamoja. La mahasimu nalielewa, sitaligusa. La mabasi silielewi, maana mwaka jana tulisafiri mbali kuliko hapo kwenda kupigwa.

Ratiba ya mwaka huu imetoka majuzi. Wiki ya pili ni walewale wa 14 kwa 13, ugenini. Nilimwuliza mwanangu kama kocha hakuweza kuomba shule nyepesi kidogo, tukaokota pointi kama wenzetu. Alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa.

"Baba, wale tunawadai."