«Sans», eti

Septemba imefika, fishi za shule zinajazwa Bukavu yote, na kwenye mstari wa kazi ya mama bado wanaandika «sans», yaani hana. Akiangukia mwandishi mwenye adabu kidogo, anapewa «ménagère», mama wa nyumbani. Mama wa watoto nane ameshuka kutoka Walungu, unga wake ndio umenunua madaftari, halafu anaandikwa hana kazi. Asante sana, wasomi wetu.

Basi tuchukue mhogo peke yake. Maharagi tuyaache, na bidoni la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20 mgongoni na mtoto mchanga kifuani, tuliache pia. Mhogo mchungu, ule wenye sumu, tunaoupanda kwa sababu hata mwizi anauogopa.

Ukishang'olewa, siku mbili tatu tu ndani kunaanza mistari myeusi. Kwa hiyo mama hang'oi anavyotaka, anang'oa kadiri atakavyoweza kumenya na kuloweka. Kilo nne mbichi zinatoa kama kilo moja ya unga. Watu kumi nyumbani wakila kilo nne za unga kwa siku, hesabu mizigo mwenyewe, na kilima nani atampandia.

Kuloweka ndiko kwenye ufundi. Kwenye joto la Uvira siku tatu zinaweza kutosha. Huku juu Kabare, na baridi yetu, ni nne, tano. Hana saa wala kipimo. Anabonyeza kwa kidole gumba: kikizama, na uzi wa katikati ukachomoka bila kuvutwa, umeiva. Kikigonga sehemu ngumu kama chaki, sumu bado imo, urudi majini. Kisha anakamua, anavunja vipande vidogo, anaanika kwenye bashi, turubai lile. Na mvua nayo inaanza Septemba hii hii, pamoja na shule! Saa nane wingu likishuka anakimbia kuanua. Kipande kikavu kinavunjika kwa sauti. Kinachopinda kitaota ukungu ndani ya gunia, na kazi ya wiki nzima inakwenda kwa nguruwe.

Sasa fikiria siku ya pili ya kuloweka. Gunia tupu, watoto wanalia, jirani anamwambia toa tu, tutapika hivyo hivyo. Akitoa mapema, na nyumba ikala huo unga wiki baada ya wiki bila maharagi wala sambaza, dagaa wetu wa Ziwa Kivu, wa kuusaidia mwili kuitoa sumu, inakuja konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena kama zamani. Jina limetoka kwa Wayaka, kule Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Inawashika zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwanamke anayepima njaa ya leo na miguu ya mtoto wake, peke yake, kando ya kidimbwi, ndiye «sans».

Haya, mashini ya kusaga imepumzisha kinu, sibishi. Lakini mashini hailoweki, na inataka franka. Wanaosema azae kidogo waanze kumwambia mumewe. Sheria ya familia ya Kongo ilirekebishwa mwaka 2016 na kumwondolea mke lile sharti la ruhusa ya mume ili afanye kazi. Fishi haijasikia habari.

Halafu, wakimaliza kuandika «sans», wanamsogezea wino. Atie kidole gumba.